Wakulima au Maharamia: Njia ya Rufiji ya Kwenda Kuwatazama Warumi

Mtu wa Ruaruke anayetaka kwenda kutazama vitu vya Warumi wa kale huambiwa kwamba safari yake ni ndefu. Ataambiwa atoke katani kwake mpaka Kibiti, ashike barabara ya kwenda Dar es Salaam, na akifika huko aanze kuulizia nauli ya ndege, viza na mahali pa kulala. Kwani Warumi, kwa mazoea ya fikra zetu, wako ng'ambo, na vitu vyao viko ng'ambo vilevile, ndani ya makabati ya kioo yanayolindwa na askari. Hayo hayana uongo. Ila kabla hajafunga mzigo wake ni haki yake kuambiwa na jambo la pili, nalo ni kwamba vitu vya Rumi vilifika Kibiti zamani sana kabla yeye hajawaza kuvifuata. Mahali paitwapo Mkukutu, katika eneo hilo hilo la Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua shanga za kioo, na mwaka 1999 akazitangaza katika jarida la Current Anthropology kuwa ni shanga za Kirumi, na kuwa ndizo ushahidi wa kwanza wa udongoni unaoiunganisha delta ya Rufiji na kitabu cha kale cha Kigiriki kijulikanacho kwa jina la Periplus ya Bahari ya Erithrea.

Mjadala kuhusu asili ya shanga za namna hiyo haujafungwa, wala haufungwi kwa makala moja. Lakini shanga hazisemi, husemewa. Na anayezisemea siku zote ni kitabu hicho, au hasa tafsiri za kitabu hicho, maana ni wachache wanaokisoma katika lugha yake. Kwa hiyo msafiri wa Ruaruke ana la kusoma kabla ya kuwa na la kutazama, na asome kwa jicho la mtu anayepokea salamu zilizopita katika vinywa vingi.

Periplus ni kitabu cha nahodha au mfanyabiashara aliyekaa Misri, raia wa dola ya Rumi aliyeandika Kigiriki, katikati ya karne ya kwanza Miladia. Jina lake halikuhifadhiwa. Kitabu chenyewe nacho kilinusurika kwa tundu la sindano: tunacho kwa sababu mwandishi mmoja wa karne ya 10 alikinakili, na nakala yake iko hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Hakina hata mstari mmoja wa ushairi. Ni orodha ya bandari, siku za safari, bidhaa ziingiazo na zitokazo, na hapa na pale onyo kuhusu mawe au mikondo. Walakin kina sifa moja ambayo washairi wengi tungeikopa kwa furaha: hakitumii neno lisilo na kazi. Kwa sababu hiyo neno moja likipotoka ndani yake, hakuna maneno mengine ya kuliokoa.

Mwandishi huyo anaifuata pwani yetu, ambayo yeye aiita Azania, kutoka kaskazini kuja kusini, mpaka afike katika soko la mwisho kabisa alijualo. Anaeleza kwamba mji huo umepata jina lake, Rhapta, kutokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Kwani katika Kigiriki neno hilo lina maana ya kitu kilichotiwa uzi. Pembe za ndovu, asema, zapatikana kwa wingi, na magamba ya kasa. Mamlaka ya juu ya mji yako kwa mkuu wa sehemu moja ya Yemen, kwa haki ya zamani, na watu wa bandari ya Muza huko huko Yemen ndio waliopewa kukusanya kodi. Hupeleka vyombo vyao vikiwa na manahodha na mawakala Waarabu, ambao wamezoeana na wenyeji, wameoana nao, wanaijua nchi na wanaijua lugha.

Yafaa kusimama hapo kidogo, kwa sababu mengi yaliyosemwa kwa fahari kuhusu Rhapta huruka juu ya maneno hayo. Kuna mtindo wa kusherehekea kwamba Warumi walifika Rufiji, kana kwamba heshima ya mahali ni kutembelewa na mkubwa. Ni ile mgeni njoo, mwenyeji apone, iliyotolewa sebuleni ikapelekwa kwenye historia. Hali kitabu hakisemi hivyo. Chasema kwamba aliyekuja Rhapta mara kwa mara ni Mwarabu wa Muza, akaoa, akajifunza lugha. Kioo chaweza kuwa kimetoka katika dola ya Rumi bila ya Mrumi hata mmoja kuiona mikoko ya Rufiji, kama vile mtungi wa Kichina katika kaburi la Mswahili usivyokuwa ushahidi wa Mchina. Ptolemy wa Iskandaria, aliyeandika karne ya pili, anataja kwa majina wasafiri wachache wa Kigiriki waliofika pande hizi, akiwamo Theophilus aliyetoka Rhapta kwa upepo wa kusi akafika Rasi ya Manukato, iliyo pembe ya Somalia, kwa siku 20. Ni wachache, na Ptolemy awataja kwa kuwa safari zao zilikuwa habari.

Sasa lile neno. Baada ya kuutaja mji, mwandishi wa Periplus anasema kwamba watu wa nchi hiyo ni wakubwa wa miili, na kwamba kila mmoja mahali pake hujiweka kama mkuu. Baina ya kutaja miili na kutaja ukuu kuna neno moja linaloeleza watu hao ni watu wa kazi gani. Neno hilo, kama lilivyoandikwa katika nakala ya Heidelberg, halileti maana mahali hapo. Mnakili alikosea, au alinakili kosa la aliyemtangulia. Wahariri ikawabidi walitengeneze, na kila aliyelitengeneza alichagua herufi za kuongeza na za kupunguza. Katika tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Schoff, iliyotolewa Marekani mwaka 1912, watu hao wakawa na tabia ya uharamia. Katika tafsiri ya Lionel Casson, iliyotolewa mwaka 1989, watu hao hao wakawa wakulima.

Herufi chache za Kigiriki, basi, na babu wa Ruaruke anatoka baharini na upanga mkononi au anatoka shambani na jembe.

Mtu aweza kusema kwamba hilo ni jambo la wataalamu wa Kigiriki, na mshairi wa pwani halimhusu. Linamhusu sana. Tafsiri ya Schoff, kwa kuwa haki zake za uchapishaji zimekwisha muda, ndiyo inayopatikana bila malipo na ndiyo inayonukuliwa na kila mwandishi mwenye haraka. Na mwandishi wa vibao vya makumbusho aghalabu ni mwandishi mwenye haraka. Maharamia hao wamesafiri kutoka kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya miaka 100, na wangali safarini.

Je, ipo njia ya kuamua bila ya kuwa na nakala nyingine ya kitabu? Kwa uhakika kamili, haipo. Lakini mhakiki hupima neno kwa majirani zake, kama fundi anavyopima ubao kwa mbao zilizokaa kando yake, na majirani wa neno hili wote wanavuta upande mmoja. Orodha ya bidhaa ziletwazo Rhapta ina mikuki iliyotengenezwa Muza kwa ajili ya soko hili, mashoka, visu, misharasi midogo na aina kadhaa za vitu vya kioo. Mikuki yaweza kumfaa yeyote. Mashoka ni ya mtu afyekaye au achongaye. Zaidi ya hayo, mwandishi anaeleza kwamba katika baadhi ya sehemu wafanyabiashara huleta divai na nafaka nyingi, na hawazileti kwa kuuza, huzigawa ili wapendwe na wenyeji. Takrima, kwa neno lililozoeleka katika siasa zetu. Mtu hatoi takrima kwa haramia. Haramia hachukui zawadi, hujichukulia. Na wafanyabiashara wasingeoa na kukaa na kujifunza lugha mahali ambapo kila chombo kinavamiwa. Kitabu hiki, zaidi ya hayo, hakioni haya kuonya. Penye hatari ya majambazi katika Bahari ya Shamu kinasema wazi, na kuwashauri mabaharia wapite katikati ya bahari wasikaribie pwani ya Uarabuni. Kuhusu Rhapta hakitoi onyo la namna hiyo.

Kwa hiyo Casson ana haki zaidi. Na ile ibara ya kila mtu kuwa mkuu mahali pake, ambayo ukiisoma na maharamia hupata sura ya magenge, ukiisoma na wakulima hupata sura ya watu wasio na mfalme mmoja, kila mwenye shamba na ukoo wake akijitosheleza. Wazee wa bonde la Rufiji, ambako watu wamelima mpunga kwa kufuata maji ya mafuriko yanapopanda na kushuka, hawatahitaji kuelezwa maana ya mtu kuwa mkuu mahali pake. Hilo halithibitishi lolote kuhusu karne ya kwanza. Mila ya leo si hati ya jana. Lakini ni msaada kwa mfasiri anayetafuta maneno ya Kiswahili yatakayobeba ibara hiyo.

Mfano wa pili ni wa kuchekesha kidogo, na visiwani utapokewa vizuri. Kabla ya Rhapta kitabu kinataja kisiwa kiitwacho Menouthias, tambarare, chenye miti, mito na ndege wengi wa kila aina, na kasa. Pemba, Unguja na Mafia kila kimoja kina mawakili wake katika shauri hilo, na shauri halijaisha. Wala si lazima liishe, maana kila upande umepata makala mazuri kutokana nalo. Kinachohusika hapa ni wanyama wake. Kitabu chasema hakuna mnyama mkali isipokuwa mamba, nao mamba hao hawamdhuru mtu. Msomaji wa delta ya Rufiji akifika hapo atafunga kitabu. Mamba asiyemdhuru mtu! Familia ngapi za ukingoni mwa mto ule zingependa kumjua?

Ila neno la Kigiriki lililotafsiriwa mamba halikuzaliwa na mamba. Herodotus, aliyeandika karne tano kabla ya Periplus, anaeleza kwamba Wagiriki wa Ionia walipomwona mnyama huyo wa Misri walimpa jina la mjusi, kwa kuwa alifanana na mijusi waliyoizoea katika kuta za kwao. Neno hilo lilikuwa la mjusi kabla halijawa la mamba. Mfasiri wa Kiswahili, basi, hana haja ya kubabaika kuhusu mamba wapole. Ana neno la kenge karibu naye. Kenge ni mkubwa, anatisha kumtazama, anaishi visiwani, na hamdhuru mtu. Hilo ni jambo ambalo wafasiri wa Ulaya wamelifikia kwa tanbihi ndefu, na mtoto wa pwani angelifikia kwa kuangalia nyuma ya banda la kuku.

Na la tatu, kwa ufupi. Katika kisiwa hicho, kitabu chasema, watu huvua kwa vikapu vya kusuka ambavyo huvifunga penye midomo ya mapito ya maji badala ya nyavu. Tafsiri zote za Kiingereza zinalieleza jambo hilo kama ajabu ya nchi ya mbali. Kwa Kiswahili ajabu inakwisha: ni dema, au ni uzio wenye madema. Neno likipatikana, watu wa Menouthias wanaacha kuwa wageni.

Baada ya masomo hayo, msafiri wetu aweza kuanza kupanga safari yake.

Kituo cha kwanza ni Dar es Salaam, na mpenda ushairi ataipenda anwani: Makumbusho ya Taifa iko katika Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea. Ilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Watu wengi huenda kwa ajili ya Zinjanthropus, lile fuvu la Oldupai lililovumbuliwa mwaka 1959, na kwa hakika ni vigumu kwa kipande cha kioo kushindana na fuvu lenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Vitu vya Kilwa navyo, na vyombo vya udongo vya kigeni vilivyotiwa rangi ya kung'aa, huvuta macho kwa urahisi. Shanga ni ndogo. Kabati lake hupitwa. Mwenye safari maalumu ya kutazama shanga za delta na aandike barua mapema, aeleze anachokitaka na anakotoka, kwa makumbusho na kwa wanaakiolojia wa chuo kikuu, maana mengi yaliyofukuliwa nchini mwetu, kama kwingineko duniani, huishi katika masanduku ya utafiti na si katika kumbi za maonesho.

Zanzibar ingekuwa kituo cha pili, na kwa Rhapta ndicho kingekuwa bora kuliko vyote. Katika ukumbi wa Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, palisimama mtepe mzima, si mfano wa mezani, uliojengwa upya kwa ajili ya maonesho: mbao zake zimeshonwa kwa kamba, bila msumari. Mitepe ya kweli iliendelea kuonekana baharini, hasa pande za Lamu, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeuona ule wa Beit el Ajaib aliielewa Rhapta kwa macho kabla ya kuisoma. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wakapoteza maisha.

Kituo cha tatu ni Iskandaria. Watanzania wamezoea njia ya Misri kwa ajili ya Al-Azhar, kwa hiyo safari hii si ya ndoto. Makumbusho ya Kiyunani na Kirumi ya mji huo yaliasisiwa mwaka 1892, yakafungwa mwaka 2005 kwa matengenezo, na yakafunguliwa tena Oktoba 2023. Mahali hapo panastahili kuliko Roma yenyewe, kwa sababu kitabu cha Rhapta kilitoka katika nchi hiyo, na bidhaa za Bahari ya Hindi zilipita humo: kutoka bandari za Berenike na Myos Hormos kwenye Bahari ya Shamu, kwa ngamia mpaka mto Nile, na kwa mto mpaka Iskandaria.

Kuhusu jina la makumbusho hayo, msomaji wa tenzi ana nafasi nzuri kuliko mtalii wa Ulaya. Mtalii hushangaa kuona Warumi walioandika Kigiriki. Mpwani hashangai. Tangu mwaka 1728, Mwengo wa Athumani alipotunga huko Pate Utendi wa Tambuka, ujulikanao pia kwa jina la Chuo cha Herekali, Mswahili amejua kwamba Rumi ina mfalme aitwaye Herekali ambaye makao yake si Roma. Na kabla ya utenzi huo ilikuwapo sura ya Ar-Rum katika Msahafu. Warumi wa ushairi wetu ni wa Constantinople, wasemao Kigiriki. Ni dola ile ile iliyozeeka na kuhamia mashariki. Akisimama mbele ya sanamu ya fahali Apis, lile jiwe jeusi la zama za Mfalme Hadrian lililopatikana katika hekalu la Serapis, mtu wa Ruaruke ataona mungu wa Misri, aliyechongwa katika enzi ya Mrumi, katika mji wa Wagiriki, na hatahitaji kuuliza ni yupi kati ya hao watatu aliye Mrumi wa kweli.

Akitoka hapo na aende Kom el-Dikka, katikati ya mji huo huo. Wachimbaji wa Kipoland wamefanya kazi mahali hapo tangu mwaka 1960, wakafukua ukumbi wa tamthilia, mabafu na vyumba vya madarasa; na pamoja na hayo mabaki ya karakana zilizotengeneza shanga za kioo katika zama za mwisho za Kirumi. Mrija wa kioo ulitiwa moto, ukaviringishwa juu ya jiwe lenye mifuo, ukabanwa ukawa kama mnyororo wa punje, kisha ukakatwa punje kwa punje. Karakana hizo ni za baadaye kuliko Periplus, kwa hiyo asiseme kwamba ndizo zilizotuma mzigo Mkukutu. Lakini ataiona kazi yenyewe, na ataelewa kwamba ushanga ulikuwa bidhaa ya bei ndogo, ya karakana za uchochoroni. Hazikuwa hazina za mfalme.

Hapo linakuja swali ambalo makumbusho ya Kirumi, popote yalipo, haliulizi kwa sauti. Katika biashara hii kila upande ulitoa na kupokea. Kioo, shoka na msharasi vilikuja huku. Pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya ng'amba na kombe kidogo vilikwenda kule. Sasa vitu vya huku viko wapi katika makabati ya kule? Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne hiyo hiyo ya kwanza, anasimulia kuhusu mtu aitwaye Carvilius Pollio, bingwa wa anasa, aliyekuwa wa kwanza kuyapasua magamba ya kasa kuwa mabamba membamba ya kupambia vitanda na makabati. Vitanda hivyo vimekwisha. Gamba huoza, mbao huoza, na pembe ikisalia haina alama ya ilikotoka. Kioo hakiozi. Ndiyo maana nusu ya Rumi ya biashara hii inaokotwa hadi leo katika mchanga wa Rufiji, na nusu ya Rufiji imetoweka katika majumba ya Rumi. Kisha mtazamaji asiyefikiri hutoka makumbusho akiwa na wazo kwamba upande mmoja ulikuwa na vitu na upande mwingine ulikuwa na mikono ya kupokelea.

Hata mji wenyewe uliitwa kwa jina la kitu kiozacho. Wageni waliiona kazi ya uzi katika vyombo vya wenyeji, wakashangaa, wakauita mji kwa kazi hiyo. Jina ambalo watu wa mji walijiita wenyewe halimo kitabuni. Na si ajabu msharasi kuwa miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta: mji wa washonaji ulinunua chuma cha kutobolea. Hilo ni dhana, lakini ni dhana inayotoka katika orodha ya kitabu chenyewe.

Mji huo ulikuwa wapi hasa? Wengine wameupeleka Pangani, wengine Rufiji, na mwaka 2016 magazeti yalishangilia habari za mawe ya pembe nne yaliyoonekana chini ya maji karibu na Mafia. Ptolemy, kwa upande wake, anauweka mji mbali kidogo na bahari, juu ya mto wenye jina hilo hilo. Delta hujenga na kubomoa, mikono ya mto huhama, na picha ya kutoka angani haina nguvu ya tabaka lililochimbwa. Tahadhari kama hiyo ilihitajika pia kwa zile sarafu zilizosemwa kupatikana Port Durnford, pwani ya kusini ya Somalia, mwanzoni mwa karne ya 20: sarafu za Kirumi zikiwa zimechanganyika na za Wamamluki na za Waottoman wa karne nyingi baadaye. Fungu la namna hiyo halina neno la kusema kuhusu karne ya kwanza. Ushanga mmoja uliofukuliwa kwa utaratibu mahali pake una neno zaidi yake. Kwa hiyo mtu wa Kibiti akikutana na ushanga shambani asiutie mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Na hata bila ya sheria, ushanga uliohamishwa mahali pake umekwisha kunyamazishwa.

Linabaki suala la kibao. Siku shanga za Mkukutu zitakapowekwa mahali ambapo watoto wa Ruaruke wanaweza kuletwa kwa basi na kurudi jioni, kibao chake kitaandikwa na mtu, na mtu huyo atakuwa mfasiri hata kama hajijui. Njia rahisi ni kuandika maneno matatu: Shanga za Kirumi. Njia ya pili ingekuwa kama hivi: Shanga za kioo. Mkukutu, Kibiti. Katika biashara inayosimuliwa na Periplus, wakulima na washonaji wa vyombo wa pwani hii walivinunua vitu vya kioo kwa pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, kutoka kwa mabaharia wa Yemen walioolea hapa na kuijua lugha ya hapa. Kioo huenda kilitengenezwa katika dola ya Rumi.

Huo ni mstari wa mwisho, na hapo ndipo Rumi inapokaa vizuri. Mhariri wa Kigiriki atataka kubishana kuhusu neno wakulima, na ana ruhusa. Aje na nakala ya pili.